Jinja: mji wa mtoni ambako wageni waliacha majivu ya wafu wao

Safari hii kwenye makala zetu za historia tunatoka nje ya Rwanda kidogo, tunaenda Jinja, Uganda. Na tuseme mapema sababu: tunataka kuongea juu ya wafu wetu.

Kila familia ya wakimbizi hapa Kigali inalijua jambo hili, ila hatuliandiki. Mzee akifa ugenini, anazikwa wapi? Wengine wanasema arudishwe nyumbani, hata kama ni kukopa kila mahali. Wengine wanasema azikwe hapa hapa. Na kuna wanaoogopa neno lenyewe "hapa", eti ukimzika baba yako hapa umekubali kwamba hurudi tena. Tumeona ndugu wakigombana kwa swali hilo mbele ya maiti, jambo la aibu na la kusikitisha.

Wahindi wa Uganda walilikuta swali hilo kabla yetu. Walijibu kwa namna yao, kisha wakafukuzwa, kisha baadhi wakarudi. Historia hiyo yote unaweza kuiona kwa macho katika mji mmoja mdogo kando ya mto Nile.

Mto mtakatifu ni nini?

Tuanzie India ili tuelewane. Kule kuna mji unaitwa Varanasi, na jina lake la zamani ni Kashi. Uko kando ya mto Ganga. Wahindu wanauheshimu kuliko miji mingine karibu yote. Ukingoni kuna ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini, zinaitwa ghati, na ziko zaidi ya 80. Watalii wanapanda mashua alfajiri kuangalia watu wakioga na kusali jua linapochomoza. Lakini wenyewe hawakuja kutembea. Kwenye ghati ya Manikarnika maiti zinachomwa kwa kuni mchana na usiku, moto hauzimiki. Imani yao ni kwamba anayefia Kashi anafunguliwa, hazaliwi tena kuja kuteseka duniani. Na majivu yanatiwa mtoni ili maji yaende nayo.

Hapa tutofautishe maneno mawili ambayo mtaani tunayachanganya. Mhindi ni mtu wa asili ya India. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu, yule ambaye Waswahili wa pwani walimwita Banyani. Wahindi wengi waliokuja Afrika Mashariki walikuwa Waislamu, wengine Makalasinga, wengine Wagoa Wakristo. Kwa hiyo si kila Mhindi anachoma wafu wake. Lakini kwa Mhindu, kukosa mto ni kama Mwislamu kukosa sanda au Mkristo kukosa msalaba. Sasa jiulize: mtu huyo akivuka bahari miezi kadhaa, akafungua duka mbali na Ganga, baba yake akifa atafanya nini?

Mto ulikuwa na wenyewe

Kabla ya kujibu, tusiwasahau wenyeji. Jinja iko pale ambapo Ziwa Viktoria linatoka na kuwa mto. Wasoga wanauita mto huo Kiyira. Jina Jinja lenyewe linatokana na mawe, kwa sababu palikuwa na miamba na maporomoko. Chini kidogo ya mto kulikuwa na maporomoko ya Bujagali, na Wasoga waliamini ni makao ya roho mkubwa aitwaye Budhagali, mwenye mganga wake na mahali pake pa sala.

Tarehe 28 Julai 1862 alifika Mwingereza John Hanning Speke. Akaona maji yanatoka ziwani, akayapa maporomoko yale jina la Ripon, jina la bwana mkubwa wa huko kwao, na ulimwengu ukaambiwa chanzo cha Nile kimegunduliwa. Kimegunduliwa na nani, wakati watu walikuwa wanavua samaki pale kila siku? Tunaliandika hili kwa sababu mgeni anapofika mahali, awe mzungu, Mhindi au mkimbizi, anakuta mahali pana jina tayari na pana wafu tayari.

Reli, duka na sukari

Wahindi walikuwa wakifanya biashara pwani yetu kwa karne nyingi. Waliokuja kwa wingi bara walifuata reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu, wakaleta vibarua karibu 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 kati yao walikufa kazini, kwa magonjwa, ajali, na wengine kwa simba wa Tsavo. Wengi waliobaki hai walirudi kwao. Karibu 6,700 walikaa.

Nyuma ya reli wakaja wenye maduka. Alidina Visram, Mwismailia kutoka Gujarat, alifungua maduka kuanzia pwani mpaka ndani ya Uganda. Kisha wakaja wenye viwanda. Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akaanzisha cha Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930. Wote wawili walitoka upande wa Porbandar, Gujarat, mji aliozaliwa Mahatma Gandhi mwaka 1869. Jinja ikawa na barabara kuu ya majengo ya Kihindi, chini duka, juu nyumba. Na lugha yetu ikapokea maneno mengi kutoka kwao: pesa, gari, bima, laki, hundi, chapati.

Ila tusipake sukari historia. Ukoloni ulipanga watu kama ngazi: mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Msoga alilima pamba, lakini viwanda vingi vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, na bei hakuipanga yeye. Hasira ilikuwepo. Mwaka 1959 watu wa Buganda walisusia maduka ya Wahindi. Anayesema kwamba chuki ya baadaye ilidondoka kutoka mbinguni hasemi kweli. Anayesema kwamba hasira hiyo inahalalisha kufukuza mtoto na bibi yake, naye hasemi kweli.

Majivu ya 1948

Mwaka 1947 India ilipata uhuru ikagawanyika, India huku na Pakistani kule. Watu zaidi ya milioni 10 walihama makwao kwa hofu, Waislamu upande mmoja, Wahindu na Makalasinga upande mwingine. Ni moja ya mafuriko makubwa kabisa ya wakimbizi katika historia. Gandhi, mzee wa miaka 78, alizunguka akiomba watu waache kuchinjana. Tarehe 30 Januari 1948 alipigwa risasi New Delhi, na aliyemuua alikuwa Mhindu mwenzake, aliyeona kwamba mzee anawatetea Waislamu kupita kiasi.

Mwili wake ulichomwa. Majivu mengi yalitiwa pale ambapo Ganga inakutana na mto Yamuna. Sehemu nyingine ziligawanywa, zikapelekwa kwenye mito mbalimbali. Na sehemu moja ililetwa Uganda mwaka huo huo 1948, ikatiwa Jinja, kwenye mwanzo wa Nile.

Tafakari kidogo. Gandhi aliishi Afrika Kusini miaka 21, lakini kwenye Nile hakuacha hata unyayo. Waliotaka majivu yake yafike pale walikuwa Wahindi wa Afrika Mashariki. Kwa kufanya vile walisema jambo bila kuandika barua: mto huu nao unafaa kumpokea mtu tunayemheshimu kuliko wote, tusiulizwe tena kwamba mto wetu uko mbali. Hawakuikana Ganga, waliongeza mto mwingine tu. Mehta yule wa Lugazi ndiye pia aliyetoa pesa kujenga Kirti Mandir, jengo la kumbukumbu ya Gandhi kule Porbandar. Yaani watu wale wale waliweza kujenga kumbukumbu kwao na kuwa na kumbukumbu ugenini, na mkono mmoja haukuukataa mwingine.

Siku 90

Sasa sikiliza kilichofuata. Tarehe 4 Agosti 1972, miaka 24 baada ya majivu yale, Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wenye pasi za Uingereza waondoke Uganda ndani ya siku 90. Amri ikapanuka, ikachafuka, na watu waliokuwa raia wa Uganda wakajikuta karatasi zao zinakataliwa dirishani. Mwisho ulikuwa tarehe 8 Novemba. Makumi ya maelfu waliondoka na masanduku na pesa kidogo sana mfukoni. Njiani kwenda uwanja wa ndege kulikuwa na vizuizi vya askari, na si kila pete ilifika Entebbe. Manubhai Madhvani, mmoja wa wenye Kakira, alifungwa jela ya Makindye kabla ya kuondoka.

Uingereza ilipokea zaidi ya 27,000, Kanada zaidi ya 6,000. Waliobaki bila uraia wowote walishughulikiwa na UNHCR, wakapelekwa kwanza kwenye vituo vya muda Austria, Italia, Malta na kwingine. Kule Uingereza wengi waliwekwa kwenye kambi za zamani za jeshi, wakapewa makoti na blanketi. Halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester, mji umejaa. Vijana, mmeona? Foleni ya kuandikishwa, blanketi, kituo cha muda, mji unaosema "tumejaa". Hakuna neno hapo tunalohitaji kutafsiriwa.

Jinja nayo iliumia. Maduka yaligawiwa wanajeshi na watu wa karibu na serikali, ambao raia waliwaita "Mafuta Mingi". Wengi wao hawakujua biashara. Uzalishaji wa sukari ukaanguka, na Uganda, nchi ya mashamba ya miwa, ikapungukiwa sukari ya chai.

Na majivu? Yalikwishaenda na maji. Hakuna askari aliyeweza kuyafukuza.

Mto wa tatu

Wahindi wa Uganda walikwenda Leicester pamoja na lile tangazo. Wakafanya kazi viwandani, wakafungua maduka, wakajenga mahekalu. Na wazee wakaanza kufa, kama wazee wote. Swali likarudi lile lile: Ganga iko mbali, Nile tumefukuzwa. Leo karibu na Leicester kuna mto Soar, mto wa kawaida wa mashambani kwa Waingereza, na kuna sehemu ambapo familia za Wahindu na Makalasinga zinaruhusiwa kwenda kwa boti kumwaga majivu ya wafu wao.

Ganga, Nile, Soar. Hata pale serikali iliposema huna nchi, waliendelea kumheshimu maiti kwa maji yaliyokuwa karibu.

Uganda nayo iligeuka. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kurudishiwa mali, Madhvani wakarudi Kakira mwaka 1985, na wengine wakafuata miaka ya 1990. Wengi hawakurudi kabisa. Watoto wao ni Waingereza na Wakanada, wanaijua Jinja kwa picha za bibi tu.

Ukifika Jinja leo

Kutoka Kigali unapanda basi Nyabugogo mpaka Kampala, safari ya mchana kutwa au usiku kucha, halafu kama kilomita 80 kwenda mashariki. Sisi wakimbizi tukumbuke: kitambulisho cha ukimbizi peke yake hakikuvushi mpaka kihalali, unahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, na hiyo inaombwa mapema. Wachache kati yetu wamefika. Wengine tunaijua kwa kusoma na kwa simulizi.

Ukikaribia mji unaona daraja jipya la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, urefu mita 525. Bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, nalo lilizamisha maporomoko ya Ripon. Kwa hiyo kile alichokiona Speke hukioni tena. Hata Bujagali imefunikwa na bwawa lililokamilika mwaka 2012, na kabla ya hapo kulikuwa na mabishano marefu juu ya kumhamisha roho wa mahali pale. Kila mmoja ana mto wake mtakatifu, na umeme unataka mto huo huo.

Mjini, tembea barabara kuu, uinue macho juu ya mabango ya simu na benki. Utaona majina ya familia za Kihindi na miaka ya ujenzi yameandikwa kwenye sementi. Waliofukuza watu hawakupata nafasi ya kufuta kila ukuta.

Kisha shuka kwenye bustani za chanzo cha Nile, ukingo wa mashariki. Hapo kuna sanamu ya Gandhi, kichwa na mabega, iliyozinduliwa na Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral, mwaka 1997. Ng'ambo ya pili kuna mnara wa Speke. Mashua zinakupeleka mpaka pale maji ya ziwa yanapoanza kuitwa mto. Watalii wanapiga picha, watoto wanauza karanga, na mara moja moja familia ya Kihindi inasimama kimya mbele ya sanamu. Si Varanasi, hakuna moto wala ngazi 80. Ila kwa wanaojua, ni sehemu ya sala.

Si wote wanaompenda Gandhi, na hilo pia tuliseme. Akiwa kijana Afrika Kusini aliandika maneno ya dharau juu ya Waafrika, na mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Ghana kiliondoa sanamu yake. Msomaji ana haki ya kulijua hilo akiwa amesimama pale bustanini.

Maji ya kwetu

Sasa turudi Kigali, maana maji yenyewe yanaturudisha. Mjerumani Richard Kandt, aliyeanzisha mji huu mwaka 1907, alikuja Rwanda akitafuta chanzo cha Nile. Aliufuata mto Rukarara, msitu wa Nyungwe. Nyumba yake ni makumbusho, iko Nyarugenge, nendeni mkaione. Maji ya Nyungwe yanaingia Nyabarongo, Nyabarongo inapita hapa Kigali, inakuwa Akagera, inapokea Ruvubu kutoka Burundi, inapita karibu na kambi ya Mahama, inaingia Ziwa Viktoria, na ziwa linatokea Jinja. Wenzetu wa Rutshuru nao wasijione wametengwa: mto wao unaingia Ziwa Edward, unafuata Semliki mpaka Ziwa Albert, na hapo unakutana na Nile. Kutoka hapo ni Juba, ni Khartoum. Wenzetu wa Sudan wanaoishi nasi hapa Kigali wamekulia kwenye maji yaliyopita kwetu kwanza.

Lakini mto huu una historia nyingine, na hatuwezi kuandika tukiwa Rwanda tukairuka. Novemba 1992, Léon Mugesera alihutubia mkutano Kabaya akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya Nyabarongo. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, maiti zilitupwa mitoni, zikafika Ziwa Viktoria. Wavuvi na wanakijiji wa Uganda walizitoa majini wakazizika. Zaidi ya watu 10,000 wamelala Kasensero, Lambu na Ggolo, na makaburi yao yanatunzwa. Kila Aprili hapa Rwanda watu wanashuka mtoni wakiwa na maua.

Kwa hiyo maji yale yale yamebeba majivu yaliyowekwa kwa sala, na yamebeba watu walionyimwa kaburi makusudi. Mto haujui tofauti. Wanaoijua ni watu wanaosimama ukingoni. Wale wavuvi hawakuuliza uraia wa maiti. Walichimba.

Tunachosema

Tunachojifunza Jinja ni hiki: kumweka mfu wako mahali si kusaini karatasi ya kutorudi. Wahindi wa Uganda waliyaacha majivu kwenye Nile na bado walijenga kumbukumbu Gujarat. Na tuseme ukweli wote: kuacha wafu wako mahali hakukupi pasi. Hawakulindwa na majivu yale mwaka 1972. Lakini waliporudi walikuta mahali pa kusimama, na asiyerudi alikuwa na kitu cha kumsimulia mjukuu.

Kwa hiyo mzee akifa Kigali au Mahama, tusimwambie mjane kwamba amezika kwa aibu. Kuzikwa vizuri hapa ni heshima. Aibu ni kaburi lisilo na jina. Na makaburi yetu mengi yana kibao cha mbao tu, mvua za misimu miwili zinafuta wino.

Tunaanza kazi moja ndogo. Kila kijana aandike kwenye daftari jina la mfu wa familia yake aliyezikwa ugenini, mahali alipozaliwa, tarehe aliyofariki, na kaburi liko wapi, hatua ngapi kutoka mti gani. Apige picha akiweza. Tutayakusanya kwa ruhusa ya familia, na hatutayaweka wazi kwa mtu asiyehusika. Ndugu zetu wa mashirika, mnatuandikisha tukizaliwa na tukihama. Tusaidieni na hili pia: kibao cha sementi ni bei ndogo.

Siku familia itakapoondoka, kurudi kwao au kwenda nchi ya tatu, karatasi hiyo iende nayo. Mjukuu atakayekuja siku moja kutembea Rwanda, kamera shingoni kama watalii wa Jinja, aweze kuuliza njia mpaka pale alipolala babu yake.

Anayejua simulizi ya mzee aliyepita Jinja, au aliyesoma na watoto wa Kihindi Bukavu, Bujumbura au Kampala, atuletee tuiandike.